Karanga za Kongwa na Mikataba ya Dunia

Hotuba kwa wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na wananchi wa Dodoma, Siku ya Umoja wa Mataifa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kutoka majumbani na jua hili la Oktoba, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa chuo mlioujaza ukumbi hadi mlangoni: mbukwenyi!

Nimeombwa nieleze jinsi vita vya dunia, vikishakwisha, vinavyopanga upya uhusiano wa mataifa. Kwa kawaida somo hili tunalifundisha kwa ramani ya Ulaya. Mwalimu anachora Berlin iliyogawanywa sehemu nne, anaandika tarehe ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja na kupita. Mimi leo naomba tuanzie Kongwa, hapo mashariki yetu, kwa sababu mambo ninayotaka kuyasema yote yalipita Kongwa, tena mara mbili.

Mwaka 1945 Uingereza ilikuwa upande wa washindi, lakini mfukoni hakukuwa na kitu. Vita vilipokwisha tu, Marekani ilikata misaada ya vifaa na chakula iliyokuwa ikiwapa washirika wake. Desemba mwaka huohuo Uingereza ikalazimika kukopa Marekani dola bilioni 3.75. Deni hilo lilimalizika kulipwa Desemba 2006. Baadhi yenu mlio humu ndani mlikuwa mmeshazaliwa, na Waingereza wangali wanalipia vita vya babu zao.

Nyumbani kwao chakula kilikuwa cha mgawo, na kiliendelea kuwa cha mgawo hadi 1954. Kilichowabana zaidi ni mafuta ya kula. Kuyanunua nje kulihitaji dola, na dola hazikuwepo. Ndipo macho yalipogeukia nchi zilizokuwa chini ya bendera yao, ambako wangeweza kulipa kwa pauni. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine huku kwetu. Serikali ya chama cha Labour ikatuma timu ya watu watatu. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yalitafutwa kwenye masalia ya vita. Mitambo iliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino ilipakiwa melini ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapanda treni hadi huku. Vifaru aina ya Sherman vilivuliwa mizinga vikageuzwa matrekta, yakapewa jina la Shervick. Hebu lioneni jambo hili kwa macho yenu: chuma kilichofuliwa ili kuwapiga Wajerumani kinasukuma mibuyu ya Wagogo. Mibuyu mingine ilikataa kuanguka. Na hata pale ilipoanguka, udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika unakauka na kukaza kiasi kwamba karanga iliyokomaa haing'oki. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia, kama angeulizwa, kwa nini watu wa hapa walichagua uwele, mtama na ng'ombe. Mvua yetu haijawahi kufuata ratiba ya Bunge la London. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa kwenye vitabu kuwa ni hasara.

Habari hii husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni. Mimi sicheki. Naiona kuwa somo kamili la uhusiano wa kimataifa. Vita vimehamisha nguvu kutoka London kwenda Washington. Kuhama huko kumezaa deni, deni limezaa njaa ya dola, na njaa ya dola imeshuka katika stesheni ya Msagali na kukata reli ya kwenda Kongwa, kwenye ardhi ya watu ambao hawakuwa wamekaa kwenye kikao hata kimoja.

Vikao hivyo vilifanyika lini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, naomba mnisikilize vizuri. Vilifanyika vita vikiwa bado vinapiganwa. Mwanauchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alianza kuandika pendekezo lake la mfumo mpya wa fedha wa dunia mwaka 1941, mji wake ukiwa umetoka kupigwa mabomu usiku kwa usiku. Harry Dexter White wa Hazina ya Marekani alipewa kazi ya namna hiyohiyo Desemba 1941, siku chache tu baada ya Wajapani kuishambulia Marekani kule Pearl Harbor. Julai 1944 nchi 44 zilikutana Bretton Woods na kuzaa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Kuanzia Agosti hadi Oktoba 1944 wakubwa walikaa Dumbarton Oaks, Washington, wakichora Umoja wa Mataifa na Baraza lake la Usalama. Februari 1945 wakaenda Yalta kumalizia suala la kura ya turufu, yaani uwezo wa mkubwa mmoja kuzuia azimio peke yake. Ujerumani ilikuwa bado haijasalimu amri.

Na katika miezi hiyo ya Dumbarton Oaks, vijana wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles, Watanganyika wakiwa miongoni mwao, walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakiwasukuma Wajapani kwenye tope la mvua za Asia, malaria ikiwaangusha kama risasi. Damu yao ilikuwa ndani ya vita. Jina la nchi yao halikuwa ndani ya rasimu. Mwaka 1945 kule San Francisco Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini na nchi 50, na kutoka bara letu zilikuwapo nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Afrika Kusini iliwakilishwa na Jan Smuts, mtetezi wa utawala wa Wazungu wachache, na yeye ndiye aliyechangia kuandika yale maneno mazuri ya utangulizi kuhusu haki za binadamu.

Msidhani ni Waafrika peke yao walioamuliwa mambo yao wakiwa hawapo. Kondoa, mkoa wetu huuhuu, ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 kutoka mashariki ya Polandi, wakapelekwa Siberia na kwingineko, kisha baada ya 1941 wakatolewa kupitia Iran hadi Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Walikaa Kondoa wakingoja ushindi ili warudi kwao. Ushindi ulipokuja, viongozi watatu waliokaa Yalta walikuwa wameshakubaliana kwamba ile mashariki ya Polandi ni ya Wasovieti. Fikirini mama aliyekaa Kondoa miaka yote hiyo akisikiliza redio kwamba upande wake umeshinda, na siku hiyohiyo hana tena kijiji cha kurudi.

Nirudi nyuma zaidi, kwa sababu hii haikuwa mara ya kwanza. Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa kwa miguu. Jeshi la Jenerali van Deventer lilipigana Kondoa Irangi Mei 1916, na mwishoni mwa Julai likaichukua Dodoma. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia nao wakachukua. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata wazee wanaiita Mtunya, na watafiti wa historia wanakadiria kwamba kati ya 1917 na 1920 iliua watu wapatao 30,000, mtu mmoja katika kila watano wa Ugogo. Juni 28, 1919, siku Mkataba wa Versailles ulipotiwa saini, Ugogo ilikuwa ndani ya njaa hiyo. Kwenye karatasi za Versailles Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, na nchi hii ikagawanywa: Ruanda na Urundi kwa Ubelgiji, pembe ya Kionga kwa Ureno, iliyobaki kwa Uingereza, ambayo mwaka 1920 ikaipa jina la Tanganyika. Hakuna aliyemuuliza Mgogo, Mnyaturu wala Mrangi.

Lakini kuna jambo lilipenyezwa kwenye karatasi zile. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ilisema nchi hizi hazikuwa mali ya mshindi. Alikabidhiwa azitunze, na kila mwaka atoe taarifa. Wengi walioandika maneno hayo walitaka tu kuupaka rangi ukoloni. Hata hivyo maneno yakishaandikwa na kutiwa saini yanaweza kuokotwa na mtu mwingine. Baada ya vita vya pili utaratibu huo ukageuzwa kuwa udhamini. Desemba 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo ikatoa ruhusa mbili ambazo Mkenya aliye koloni hakuwa nazo: wananchi kupeleka malalamiko yao New York, na Baraza kutuma wajumbe kuja kukagua.

Watu wetu walizisoma ibara hizo. Wameru wa Arusha waliofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Ardhi hakurudishiwa, na hilo lazima tuliseme bila kulifunika. Lakini njia ilikuwa imefunguka. Wajumbe wa Baraza waliokuja 1954 waliandika kwamba Tanganyika inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, Uingereza ikakasirika, na Machi 1955 Julius Nyerere, TANU ikiwa haijatimiza hata mwaka, alisimama mbele ya Baraza lile kueleza madai ya wananchi. Badala ya miaka ishirini ilichukua sita.

Sasa linganisheni na Namibia. Nayo ilikuwa koloni la Ujerumani, nayo ilikabidhiwa kwa Ibara ileile ya 22, ila mtunzaji wake alikuwa Afrika Kusini. Mwaka 1946 Smuts alikwenda New York kuomba aimeze kabisa. Akamkuta huko Dkt. A. B. Xuma, rais wa ANC, chama cha Waafrika wa Afrika Kusini, aliyesafiri kwenda kumpinga. Na Xuma hakwenda mikono mitupu. Desemba 1943, vita vikiwa vinaendelea, chama chake kilikuwa kimepitisha waraka uliochambua Azimio la Atlantiki la Roosevelt na Churchill, lililoahidi watu haki ya kuchagua serikali yao, kipengele kwa kipengele, na kuandika kila kimoja kina maana gani kwa Mwafrika. Churchill alikuwa ameshaliambia Bunge lake mwaka 1941 kwamba azimio lile lililenga mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Hitler. Xuma na wenzake wakajibu kwa rasimu. Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilimkatalia Smuts.

Afrika Kusini ilibaki Namibia kwa nguvu hata hivyo. Baraza Kuu likafuta mamlaka yake mwaka 1966, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka mwaka 1971 kwamba kuwapo kwake kule ni kinyume cha sheria, na bado uhuru haukuja hadi Machi 21, 1990. Karatasi peke yake haikutosha. Ilihitaji watu wa kuishikia silaha. Na watu hao, ndugu zangu, walikaa wapi?

Walikaa Kongwa. Katika miaka ya sitini, kwenye majengo na reli iliyoachwa na mpango wa karanga, Tanzania ilitoa eneo kwa wapigania uhuru waliotambuliwa na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola wote walipita pale. Samora Machel aliongoza wapiganaji wa FRELIMO pale. Wengine hawakuondoka, makaburi yao yako Kongwa hadi leo, na naomba kila mwanafunzi wa somo hili aende akayaone kabla hajapewa shahada. Ardhi ambayo vita viliigeuza shamba la kulipia deni la mfalme ikawa ardhi ya kumalizia kazi ambayo Versailles na San Francisco ziliiacha nusu.

Kuhusu Vita Baridi sitakaa sana, mmeshavisoma. Niseme tu kwamba tulionja gharama yake mapema. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikatiza misaada yake ya kijeshi kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo nchini, na Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazuia Wazungu wachache wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi changa, maskini, ikasema hapana mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mimi ninaona fahari kubwa kwa hilo na sitaacha kulisema mbele ya vijana.

Lakini taasisi zilizochorwa 1944 zilikuwa na subira. Mwalimu Nyerere alivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa hadi anang'atuka 1985. Mwaka uliofuata tukatia saini makubaliano nalo na shilingi ikashushwa thamani. Ndani ya shirika hilo maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Fanyeni hesabu wenyewe. Na kuhusu kura ya turufu, mnajua yaliyompata Dkt. Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilikuwa haijasahau jinsi alivyoipigania China irudishiwe kiti chake mwaka 1971. Wakampiga turufu duru baada ya duru, huku China nayo ikimpiga turufu Kurt Waldheim, mpaka wote wawili wakajiondoa na kiti akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mtu mmoja mwenye uwezo, kutoka Zanzibar yetu, alizuiwa na kifungu kilichoandikwa yeye akiwa mtoto wa miaka mitatu.

Kwa nini nawaambia haya leo? Kwa sababu wino wa 1945 umeanza kufifia, na kalamu zimeanza kutolewa mifukoni tena. Februari 2022 Urusi, mwenye kiti cha kudumu, aliivamia Ukraine, na Baraza la Usalama halikuweza kupitisha hata azimio la kulaani, kwa sababu mshtakiwa ana turufu. Hapa Dodoma tuliusikia mshindo jikoni. Ukraine ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti duniani. Aprili Indonesia nayo ikazuia kwa muda kuuza nje mafuta ya mawese. Bei ya mafuta ya kula, iliyokuwa juu tayari, ikapaa. Mama lishe aliyekuwa akinunua dumu akaanza kununua kwa kupima kikombe. Na hii ni mikoa ya alizeti, Dodoma na Singida, katika nchi iliyokuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake. Mwaka 1947 vita vya wengine vilitufanya tuwalimie mafuta. Miaka sabini na mitano baadaye vita vya wengine vilitunyima mafuta. Katika hali zote mbili bei ilipangwa mahali tusipokuwepo.

Suala la Ukraine lilipopigiwa kura katika Baraza Kuu Machi 2022, Tanzania haikuunga mkono wala haikupinga. Siwalaumu wanadiplomasia wetu. Siku moja kukaa kimya kunaweza kuwa busara. Ninachoogopa ni kukaa kimya kukigeuka kuwa sera. Meza ya kuandika upya taasisi hizi ikiwekwa, haitangoja tumalize kufikiri.

Afrika ina msimamo kuhusu Baraza la Usalama, tangu makubaliano yaitwayo ya Ezulwini mwaka 2005: viti viwili vya kudumu vyenye turufu, maadamu turufu ipo, na viti vitano visivyo vya kudumu. Septemba 2024 Marekani ilisema inaunga mkono viti viwili vya kudumu kwa Afrika, lakini bila turufu. Je, tukubali? Na viti hivyo akalie nani: Nigeria, Afrika Kusini, Misri, Ethiopia, au vizunguke kanda kwa kanda? Maswali haya yanapaswa kuwa yameshajadiliwa hapa Dodoma mpaka tukakoseana adabu, kwa sababu sasa Wizara ya Mambo ya Nje iko Mtumba, Bunge liko hapa, vyuo viko hapa. Kisingizio cha umbali kimekwisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa idara mlioko mstari wa mbele. Insha za mwaka wa tatu ziwe rasimu. Mwanafunzi mmoja apewe Ibara ya 27, ile ya upigaji kura katika Baraza la Usalama, aiandike upya kwa lugha ya sheria, kwa Kiswahili, ikiwa imekamilika, kiasi kwamba balozi angeweza kuiweka mezani. Mwingine apewe Ibara ya 109, inayoruhusu mkutano wa kuupitia Mkataba wote. Mkutano huo haujafanyika hata mara moja tangu 1945, atueleze utaitishwaje na nani wa kushawishiwa kwanza. Mwingine aende kwa wakulima wa alizeti wa Kibaigwa na Singida, aandike kifungu kinachozuia nchi kufunga mipaka ya chakula wakati wa vita, na awaulize wakulima hao kabla hajaandika mstari wa kwanza. Rasimu zihifadhiwe, zisahihishwe kila mwaka, nakala ipelekwe Mtumba. Keynes na White walianza miaka mitatu kabla ya Bretton Woods. Xuma alianza mwaka mmoja na nusu kabla ya San Francisco.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeshaniashiria. Nakala za Mkataba wa Umoja wa Mataifa ziko pale mezani karibu na mlango. Naomba tuchukue maswali, na ningependa tuanze na vijana waliosimama nyuma.